Kocha wa Kula ni Lazima

Kocha alivaa filimbi. Naanza na hilo kwa sababu ukilijua umeshamjua nusu yake. Mchezo aliotufundisha unachezwa kwa kukaa kimya, watu wawili na ubao katikati, na sioni popote duniani unapohitaji filimbi. Lakini yeye aliinunua Mtaa wa Kongo, akaitia kamba nyekundu, na tangu siku hiyo haikutoka kifuani. Aliipuliza tukianza mazoezi, aliipuliza mmoja wetu akichelewa kusogeza kete. Siku moja alimpulizia muuza kahawa aliyekatiza mbele yetu, na yule bwana akasimama kweli na birika lake mkononi, akidhani ni mgambo wa jiji. Kocha akamruhusu kupita kwa kumpungia mkono.

Mchezo wenyewe ni sataranji ya Kichina. Kete zake ni za duara, zimeandikwa herufi za Kichina, na zinakaa kwenye makutano ya mistari. Katikati ya ubao kuna mto, na kila upande una kasri. Ndani ya kasri anakaa jemadari, na kazi yako ni kumbana jemadari wa mwenzako mpaka akose pa kwenda. Kuna magari, farasi, tembo, askari na mizinga. Ni mchezo mzuri sana, na nasema hivyo nikiwa na sababu zote za kuuchukia.

Kocha alijifunza kwa Mchina mmoja aliyekuwa akiuza zipu na vifungo jirani na duka letu la mapazia, Mtaa wa Narung'ombe. Mchina alijua Kiswahili cha rangi na saizi tu. Kocha hakujua Kichina hata cha kuombea maji. Walifundishana kwa vidole, na yale ambayo vidole vilishindwa kuyaeleza, Kocha aliyajaza mwenyewe kwa kuyachota kwenye drafti, kwa sababu kwenye drafti alikuwa mfalme wa kijiwe kizima. Sasa, kwenye drafti yetu kula ni lazima. Ukiwekewa kete unaila, utake usitake, hata kama unajua ni mtego, na usipoila kete yako inatolewa ubaoni. Kocha hakuona haja ya kuuliza kama Wachina nao wana utaratibu huo. Aliuchukua kama ulivyo, akaupandikiza, akaendelea na maisha yake.

Mchina naye aliona jirani yake anakula kila kinachowekwa mbele yake, akadhani ni tamaa. Akawa anamtegea, anamfunga, anacheka mpaka anashika mbavu. Kocha alitueleza baadaye kwamba Wachina ni watu wenye furaha sana.

Nimkumbuke kwa haki, lakini. Alipokuwa anafungwa alikuwa na heshima moja ambayo sijaiona kwa wengine. Hakurusha kete wala kusingizia jua. Akishaona amekwisha, alivua kofia yake, akaiweka juu ya goti, kisha ndipo akacheza kete ya mwisho. Alivua kwanza, akacheza baadaye. Wanaume wa kijiwe walikuwa wanaisubiri ile kofia kama watu wanaosubiri mwezi uandame, maana kwenye drafti ilikuwa haivuliwi mara kwa mara.

Halafu kulikuwa na domo. Kocha alikuwa na msemo kwa kila jambo, na yote aliitunga mwenyewe, na yote ilihusu tumbo. "Kete haiachwi mezani." "Mchezaji mwenye aibu atalala njaa." "Ukiona, kula. Ukishakula, ndiyo ufikiri." Aliyasema hayo akiwa mkavu kama mti wa fagio. Nilimwona akila chapati moja asubuhi nzima, anaimega vipande vidogo, anampa Salma kipande, ananipa mimi kipande, kisha anatuhubiria ulafi.

Salma ndiye mwenzangu. Ni wa familia ya Kiarabu inayouza udi na manukato, mtaa wa nyuma yetu, na mimi na yeye tulizoea kusimama nyuma ya mabega ya wanaume tukitazama ubao wakati biashara imelala. Kusimama tuliruhusiwa. Kukaa benchi, hapana. Siku mwaliko ulipokuja kutoka ng'ambo, wa mashindano makubwa ya kimataifa yenye michezo ya kila aina, ilionekana waandaaji wanataka pia wanawake kwenye sataranji ya Kichina, na nafasi yetu kama nchi iko wazi. Chama cha mchezo kikaundwa haraka haraka, na mtu pekee aliyewahi kuugusa mchezo huo akateuliwa kuwa kocha. Akaja kijiweni akiwa amevimba kichwa, akawatazama wanaume waliojaza benchi.

"Nyanyukeni."

"Tuende wapi, Kocha?"

"Popote. Hapa wanakaa akina dada."

"Akina dada gani? Hawa wa mapazia? Kocha, acha utani bwana, wanawake na ubao wapi na wapi!"

"Wewe umeshawahi kunifunga?"

"Sijawahi."

"Basi pisha."

Wakapisha. Nilikaa kwenye lile benchi na mbao zake zilikuwa bado zina joto la wale wanaume, na nakiri nilimpenda Kocha siku ile, nikamwona mtu mkubwa. Baadaye nilielewa kwamba wanaume wale wasingemtii hata dakika kumi, wala wasingekubali kupuliziwa filimbi. Alituhitaji sisi kwa sababu sisi tulikuwa tunasema "Shikamoo Kocha" na kusubiri. Hata hivyo benchi alitupa yeye, na mpaka leo sijui niliweke wapi jambo hilo.

Mwanzoni tulikuwa watatu. Wa tatu, binti mmoja wa Magomeni, aliacha baada ya asubuhi ya kwanza ya Jangwani. Kocha aliamua kwamba ubongo unakaa juu ya miguu, kwa hiyo miguu iimarishwe. Akatupeleka Jangwani kukimbia, wiki ambayo bonde lilikuwa ndiyo kwanza limekauka maji ya mafuriko na tope bado linameza viatu. Salma alikimbia na baibui amelikusanya mkono mmoja. Mimi nilikimbia na raba za kaka yangu. Kocha alikaa kwenye kiti cha mama ntilie, na chai ya maziwa, anapuliza. Vijana wanaocheza mpira walituuliza tunajiandaa kwa mchezo gani. Tulipowaambia, mmoja alikaa chini kabisa kucheka.

Mambo ya kujifunza yalikuwa hayamhusu. Akili yake ilikuwa na mlango wa kutokea tu. Salma alipakua mchezo kwenye simu, akaja nao mbio.

"Kocha, mbona huku mtu anaweza kuacha kula? Nimeacha, na simu haijasema kitu."

"Nipe nione." Akaishika simu mbali na macho, akaizungusha. "Hii ya watoto. Wamelegeza."

"Lakini Kocha, imetengenezwa na Wachina wenyewe."

"Na viatu vya plastiki vimetengenezwa na Wachina wenyewe. Utavivaa kwenda harusini? Futa hiyo kitu, itakuharibu."

Salma akaifuta. Tuliamini, kwa sababu kila tulipocheza sisi kwa sisi kila kitu kilikaa sawa: mimi namtegea, analazimika kula, ananitegea, nalazimika kula. Ubao ulikuwa unafagiliwa kwa muda mfupi na anayebaki na jemadari ndiye mshindi. Tulijiona wakali kweli kweli.

Basi tukaenda. Filimbi ilichukuliwa na walinzi mlangoni mwa ukumbi, na hilo ndilo jambo pekee la busara lililofanyika siku hizo. Kocha alikuwa na suti ya michezo yenye jina la nchi mgongoni, suti ambayo tangu hapo ameivaa msikitini, kwenye maziko na kwenye harusi ya binti yake. Ukumbi ulikuwa mkubwa, mbao zimepangwa safu kwa safu, wanawake kutoka nchi ambazo nyingine bendera zake sikuzijua, na kimya kama cha chumba cha mtihani. Makocha walisimama nyuma ya kamba.

Tulifungwa. Mchezo wa kwanza nilikula gari, nikala tembo, nikala mizinga yote miwili, na nikiwa bado nahesabu shibe yangu jemadari wangu hana pa kutokea. Salma vile vile. Mchezo wa pili ulikuwa wa haraka zaidi, kwa sababu habari ilikuwa imeshaenea ukumbini kwamba wale dada wawili kutoka Tanzania ukiwawekea chochote wanachukua. Walianza kutulisha. Nilimwona mpinzani wa Salma anasukuma kete mbele taratibu, kama mtu anayemrushia kuku mahindi, huku anamtazama usoni. Kocha nyuma ya kamba alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika. "Mnakula vizuri," alituambia wakati wa mapumziko. "Tatizo ni bahati."

Mchezo uliofuata nikapata wazo. Nikamwekea mpinzani wangu farasi mahali ambapo angelazimika kumla na akila tu nimemaliza. Ulikuwa mtego mzuri, nilijivunia. Mpinzani, binti mwembamba mwenye nywele fupi, akautazama, akasogeza askari upande mwingine.

Nikangoja. Nikatazama tena. Kisha nikanyoosha mkono kumwita mwamuzi.

Ni lazima nieleze kwamba niliunyoosha kwa fahari. Nilidhani nimemkamata mtu akivunja sheria mbele ya dunia nzima. Na Kocha alikuwa ameona pia, maana sauti yake ilipasua ukumbi: "Hajala! Mwamuzi, hajala!" Nami nikadakia kwa sauti ile ile. "Hajala!" Vichwa vikageuka safu zote. Mwamuzi, mama wa makamo mwenye miwani, akaja na msichana mkalimani aliyesomea Kiswahili chuoni kwao, Kiswahili chake kimenyooka kama cha redio.

"Mwamuzi anauliza kuna tatizo gani."

"Nimemwekea kete, hajala. Kete yake itolewe."

"Itolewe kwa sheria ipi?"

"Kula ni lazima."

Msichana akamweleza mwamuzi. Mwamuzi akamtazama mpinzani wangu, na yule binti akafunika mdomo kwa mkono wote. Wakazungumza kidogo.

"Mwamuzi anasema katika mchezo huu kula ni hiari ya mchezaji. Anasema haijawahi kuwa lazima. Anauliza ni nani aliyewafundisha."

Nikageuka. Mtu yule aliyekuwa amepiga kelele sekunde chache nyuma alikuwa anasoma maandishi ya mlango wa dharura, ambayo yalikuwa ya Kichina. Nikamwita. Mwamuzi naye akamtazama. Alipoona macho yote yako kwake, Kocha akakohoa, akasema kwa sauti ya kiongozi:

"Hawa wachezaji wameelewa vibaya. Mimi niliwaambia."

Na yule msichana masikini, akifanya kazi yake tu, akageuka na kunitafsiria mimi, Kiswahili kwa Kiswahili: "Kocha anasema ninyi ndio mlioelewa vibaya."

Nilikasirika kweli kweli. Kufungwa si kitu, mtu hufungwa. Kukosea pia si kitu, alikosea kwa sababu alikuwa mtu wa drafti na hakujua vingine, na kama angesema hivyo tungecheka wote tukarudi nyumbani. Lakini alisimama pale na suti ya nchi mgongoni akatusukumia sisi. Mchezo wa mwisho nilicheza peke yangu moyoni. Niliwekewa gari zima, nikaliacha. Niliwekewa mzinga, nikauacha, na mpinzani akaanza kujikuna kichwa. Nilitoka sare, na sare ile ndiyo kitu pekee tulichorudi nacho. Kocha aliwaambia watu wa redio kwamba alibadilisha mbinu dakika za mwisho.

Mtu mmoja ukumbini alikuwa amerekodi. Kabla ndege yetu haijatua, video ilikuwa imeshazunguka Kariakoo yote kwenye simu: mimi, mkono juu, nimetoa macho, "Hajala!" Kocha hakuonekana, kamera haikufika kwenye kamba, na sauti yake ilikuwa imefunikwa na yangu. Tangu hapo nikawa na jina. Vijana wa mikokoteni: "Mambo, Hajala?" Wateja wanakuja kuuliza duka la Hajala. Mama mmoja mtu mzima kabisa aliniita "mwanangu Hajala" kwa upendo, akidhani ni jina nililopewa na baba yangu. Na kijiweni Kocha alikuwa anasimulia jinsi wanawake walivyomwangusha kwa kutoelewa maelekezo, na akinitaja anasema Hajala kama wengine. Salma aliacha mchezo. Mimi nilitaka kitu kimoja tu: aseme mbele ya lile benchi kwamba ile kula ni lazima ilikuwa yake. Nilimfuata mara kadhaa. "Tuachane na ya zamani," alikuwa anasema, "tujenge mchezo." Shikamoo niliendelea kumpa, maana nimelelewa, lakini ilikuwa ya mdomoni tu.

Miaka imepita. Mchina wa zipu alisharudi kwao, na palipokuwa na kijiwe pameota ghorofa. Masika ya mwaka huu nilikuwa napeleka mapazia kwa mteja Ilala, nikakatiza uchochoro mmoja wa Mchikichini, nikasikia filimbi.

Alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, miguu imevimba ndani ya kandambili, suti ya nchi imefifia mpaka jina mgongoni halisomeki. Mbele yake wanafunzi wa kike wanne wa sekondari na ubao ule ule. Wazee wawili watatu wa kijiwe cha zamani walikuwa wameegemea ukuta.

"Kanuni ya kwanza," alikuwa anawaambia wale mabinti, "kula si lazima. Hilo nililigundua mimi mwenyewe, nikiwa ng'ambo."

Nilisimama pale na mapazia begani. Aliligundua!

"Shikamoo Kocha."

"Marahaba." Akaniona. Filimbi ikamdondoka mdomoni.

"Eh, Hajala huyo!" mmoja wa wale wazee akasema, na wenzake wakacheka kile kicheko nilichokizoea. Binti mmoja akauliza, "Babu, Hajala ndiyo nani?"

Nikatua mzigo. "Kocha, tucheze mmoja. Nikikufunga, utasema mbele ya hawa nani alitufundisha kula ni lazima."

"Na nikikufunga mimi?"

"Utaniita Hajala mpaka nife, wala sitakuuliza tena."

Akanisogezea ubao. "Panga kete."

Tulicheza. Alikuwa bado anajua, macho yalikuwa yale yale, na alikuwa hanasi kwenye mtego wowote. Nilimwekea askari, akaacha. Nilimwekea farasi, akaacha, na mabinti wakapiga makofi. Nilianza kuona nitafungwa. Mwishowe nikafanya kitu cha kijinga, nikamwekea gari langu, zima, wazi, mbele ya mzinga wake. Akilila, mzinga unaondoka mbele ya jemadari wake na mimi naingia kasri. Akiliacha, mimi ndiye nimekwisha. Mtoto wa darasa la kwanza angeona. Wote waliona.

"Babu usile!" binti akapiga kelele. "Umesema si lazima!"

Kocha akautazama ubao. Kisha akainua mkono, akavua kofia, akaiweka juu ya goti.

Nikamtazama, sikuamini. Wale wazee wakaacha ukuta, wakasogea.

Akanyanyua mzinga, akala gari langu, akaupiga ubaoni kwa nguvu mpaka kete nyingine zikaruka. "Kula ni lazima," akasema, kwa sauti ile ya zamani, ile ya benchi, ambayo wazee wote walikuwa wameisikia kila asubuhi ya mazoezi wakasahau kwamba wameisikia.

Hakuna aliyecheka. Mmoja akasema taratibu, "Kumbe ni yeye."

Mtu mzima mzima, ameona kusema maneno mawili ni kazi nzito, akaona bora afungwe mbele ya watoto wa watu. Sikumhurumia. Niliingia kasri na farasi, nikamleta jemadari wake ukutani, nikamfunga kama anavyotakiwa kufungwa, kisha nikajitwika mapazia yangu. Nilikuwa nimeshampa mgongo nilipomsikia binti akirudia swali lake, yule dada ni nani.

"Zuhura," Kocha akasema. "Anaitwa Zuhura. Haya, pangeni kete."

Miaka yote ile nilidhani amelisahau.